Vifaru Vilivyopaa Angani

Mwaka 1975, katika ghala moja la Van Nuys, kitongoji cha Los Angeles, vijana wachache walikuwa wakifungua maboksi ya modeli za plastiki. Yalikuwa ya kila namna: vifaru vya Kijerumani, mizinga mikubwa ya reli, magari ya mashindano, manowari, ndege za vita. Mengi yalitoka Japani, na ubavuni yalikuwa na jina la Shizuoka. Karatasi ya maelekezo, ile inayoonyesha kipande kipi kiungane na kipi, iliwekwa kando bila kusomwa. Hakuna aliyetaka kuunda kifaru. Walitaka vipande: mifuniko ya injini, magurudumu, vishikio, mabomba, vingazi vidogo kuliko ukucha. Wakavikwanyua kwenye fremu zake, wakavipanga kwenye visanduku, kisha wakaanza kuvibandika kimoja kimoja juu ya mwili wa chombo cha angani ambacho hakikuwahi kuwapo.

Kampuni hiyo changa iliitwa Industrial Light & Magic, au ILM, na filamu iliyowakesha ni Star Wars. Ilipoanza kuonyeshwa Mei 1977, watu walioketi gizani waliona meli ya vita ikipita juu ya vichwa vyao, ikapita, ikazidi kupita, kana kwamba haina mkia. Modeli ya meli hiyo ilikuwa na urefu wa sentimita 91. Chombo kidogo kinachofukuzwa mbele yake, ambacho kwenye filamu kinamezwa kizima kizima na lile jitu, kilikuwa modeli kubwa kuliko hilo jitu lenyewe, karibu mita 2. Ukubwa wote ule ulitoka kwenye vipande vya vifaru. Jicho likikuta mamia ya vitu vidogo vimesongamana mahali pamoja, huamua lenyewe kwamba kitu kizima lazima kiwe kikubwa mno.

Mtoto yeyote wa Mbagala au Kisumu aliyewahi kugeuza kopo la mafuta kuwa lori, akakata magurudumu kwenye kandambili iliyochakaa na kutia vizibo vya soda kuwa taa, angewaelewa vijana wale bila mkalimani. Ufundi wa kujenga kwa mikono ulimwengu mdogo wa wakati ujao, kuupaka rangi na kisha kuuchafua hadi uaminike, una historia ndefu kuliko filamu ile. Na tangu mwanzo wake watu walioupenda wamekuwa wakifanya jambo lile lile: kuiunda kesho kwa spea za jana.

Neno lenyewe, diorama, lilizaliwa Paris. Julai 1822 Louis Daguerre na mwenzake Charles Marie Bouton walifungua jumba la maonyesho lenye jina hilo. Watazamaji walikuwa gizani mbele ya picha kubwa mno iliyochorwa juu ya kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Mafundi waliocheza na madirisha na mapazia nyuma yake waliweza kugeuza mchana kuwa jioni na anga tulivu kuwa ya dhoruba. Jumba hilo liliteketea kwa moto Machi 1839, mwaka ule ule ambao njia ya Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa kwa ulimwengu. Jina likabaki likitafuta kazi nyingine.

Kazi ilipatikana kwenye makumbusho, na hapa historia inapita Afrika Mashariki na Kongo. Carl Akeley, Mmarekani mjuzi wa kujaza ngozi za wanyama, alikamilisha mwaka 1890 huko Milwaukee mandhari ndogo ya panya wa majini wa Marekani Kaskazini wakiwa kwenye kidimbwi chao, nyuma yao ukuta uliochorwa. Ndoto yake kubwa ilikuwa ukumbi mzima wa wanyama wa Afrika jijini New York. Hakuuona. Novemba 1926, akiwa safarini kukusanya mimea na michoro ya mandhari ya gorila, alifariki kwenye miteremko ya mlima Mikeno, katika Kongo ya Wabelgiji, akazikwa huko huko. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1936 ukiwa na jina lake. Una mandhari 28, zikiwamo za simba wa Serengeti na gorila wa Virunga. Anayesimama mbele ya kioo hutafuta mstari ambapo udongo na majani vinakoma na ukuta uliochorwa unaanza, na haupati. Ukuta umepindwa ili usiwe na kona, na rangi ya nyasi zilizochorwa inaanza kabla nyasi zilizotengenezwa hazijakwisha. Mafundi wa vyombo vya angani walikuja kuirithi siri hiyo kama ilivyo.

Walichokikosa bado ni malighafi rahisi. Ililetwa na plastiki ya polistairini, ambayo ikiyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma hutoka na kila msumari na kila bawaba. Gundi yake ni ya ajabu kidogo: inayeyusha kingo mbili, na zikikauka zinakuwa plastiki moja. Uingereza ilikuwa na Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939 na mhamiaji kutoka Hungaria, Nicholas Kove, na ambayo kuanzia 1952 iliuza modeli ndogo za meli kwenye maduka ya Woolworths kwa bei ambayo mtoto aliweza kuiweka akiba. Japani ilikuwa na Shizuoka.

Shizuoka ni mji wenye desturi ya useremala, na Yoshio Tamiya alianza humo mwaka 1946 na biashara ya kupasua mbao. Moto uliunguza kiwanda mwaka 1951. Kampuni ikaelekea kwenye modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato. Muda si mrefu kikafuata kifaru cha Kijerumani, Panther, kilichotakiwa kutembea chenyewe kwa mota. Mafundi walipima betri na mota, wakatafuta mwili wa kifaru uwe na upana gani ili vyote vienee, na hesabu ikaangukia moja kwa thelathini na tano. Skeli ya 1/35, ambayo hadi leo ndiyo lugha ya pamoja ya watengenezaji wa diorama za kijeshi duniani, ilipimwa kwa betri.

Aliyewafundisha wengi kwamba modeli inaweza kusimulia kisa ni Shepard Paine wa Chicago. Mapema miaka ya 1970 kampuni ya Monogram ilianza kutia ndani ya maboksi yake karatasi za rangi zenye picha za diorama zake na maelezo ya jinsi alivyozitengeneza. Mtoto aliyenunua ndege ya B-17 aliikuta ndege ile ile kwenye karatasi imetua kwa tumbo shambani, imevunjika, watu wake wakiwa kando yake. Mwaka 1980 Paine alichapisha kitabu kuhusu ujenzi wa diorama, na hoja yake kuu ilikuwa kisa kwanza, modeli baadaye. Sanamu mbili zikitazamana zina mazungumzo. Zikipeana mgongo, zina ugomvi.

Lakini uchafu wenyewe, ule uchafu mtakatifu unaoshawishi jicho, ulikomaa Slough.

Slough ni mji wa viwanda magharibi ya London, na katika eneo lake la viwanda Gerry na Sylvia Anderson walitengeneza vipindi vya televisheni vya vikaragosi. Kilichovuma kuliko vyote ni Thunderbirds, kilichoanza kurushwa Septemba 1965. Modeli na milipuko vilisimamiwa na Derek Meddings, mchoraji aliyekuwa ameanza maisha ya studio kwa kuandika majina ya waigizaji na mafundi kwenye filamu. Tatizo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitatua. Kikaragosi kinajulikana ni kikaragosi na hakuna anayelalamika. Ila ndege ya uokoaji ikitua iking'aa kama imetolewa sasa hivi kwenye karatasi ya zawadi, hata mtoto wa miaka 7 anaijua: hicho ni kitu cha kuchezea.

Meddings akaamua kuvizeesha vyombo vyake. Mistari ya mabati ilichorwa kwa penseli. Palipo na matundu ya moshi palipakwa masizi, matumbo ya ndege yakatiwa madoa ya mafuta, kingo zikakwaruzwa. Vipande vya modeli za Airfix vilibandikwa kila palipokuwa patupu. Vyombo vya jikoni navyo havikusalimika: kwenye ukuta wa njia kinamopita chombo Thunderbird 1 kikielekea kuruka kuna kikamulio cha ndimu, na mashabiki wanaonyeshana hadi leo. Kamera iliendeshwa kwa kasi mara kadhaa kuliko kawaida, ili mlipuko wa nusu sekunde ukionyeshwa uchukue muda na uonekane mzito. Ndege ilipotakiwa kukimbia ardhini, ilining'inizwa pale pale, na ardhi ndiyo iliyokimbia chini yake, mkanda mrefu uliopakwa rangi ukizungushwa na mota. Miaka ya baadaye Meddings alifanya filamu za James Bond na ile ya Superman ya 1978, lakini kazi ya Slough, iliyofanywa kwa haraka ya televisheni na bajeti ya televisheni, ndiyo shule waliyopitia wengine wote, hata wasiowahi kufika Uingereza.

Mmoja wa vijana wa Slough, Brian Johnson, alihamia kwenye filamu ya 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka 1968. Huko modeli kubwa ya chombo Discovery ilizidi urefu wa mita 16, nayo ilifunikwa kwa vipande vilivyotoka kwenye maboksi ya modeli za madukani. Johnson akaendelea hadi kipindi cha Space: 1999, na hapo akaigusa Star Wars bila kukusudia. Chombo cha kwanza kilichojengwa Van Nuys kwa ajili ya mhusika Han Solo kilikuwa kirefu, na kilifanana mno na Eagle, chombo cha Space: 1999. George Lucas, mwongozaji wa Star Wars, akataka kingine. Joe Johnston akachora kile cha mviringo ambacho leo dunia inakijua kwa jina la Millennium Falcon. Kile kirefu hakikutupwa. Kilibadilishwa kichwa kikawa chombo kinachofukuzwa mwanzoni mwa filamu, na ndiyo sababu modeli yake ilikuwa kubwa kuliko meli inayokimeza.

Karakana ya modeli ya ILM iliongozwa na Grant McCune. Mafundi wake, akiwamo Lorne Peterson, walivipa vile vipande vya vifaru jina lisilo na maana yoyote, gribli. Lucas alitaka ulimwengu uliotumika, wenye vyombo vilivyopita mikono mingi, vilivyogongwa vikatengenezwa, vikagongwa tena. Kwa hiyo Falcon, modeli yenye urefu wa zaidi ya mita 1.5, ilifunikwa kwa spea za magari ya mashindano na mizinga ya reli, ikapakwa rangi ya mfupa, kisha ikatiwa masizi, kutu na viraka vya rangi tofauti, kama basi lililobadilishwa milango mitatu na kila mlango una historia yake.

Mwaka huo huo wa 1977 fundi mwingine, Greg Jein, alisimamia ujenzi wa chombo mama cha Close Encounters of the Third Kind ya Steven Spielberg. Kwa mbali ni mji wa taa unaoelea. Kwa karibu, na leo kinaweza kutazamwa kwa karibu katika makumbusho ya Smithsonian karibu na Washington, kina sanduku la barua, basi dogo la Volkswagen, papa, eneo la makaburi na roboti R2-D2, vyote vimefichwa kati ya mabomba na minara. Mtazamaji sinemani asingeviona kwa urahisi. Viliwekwa na watu waliokaa miezi mingi wameinamia kitu kimoja, wakakipenda kiasi cha kukitia siri zao.

Kuzeesha kuna utaratibu, na anayeufuata vizuri ni msafi kuliko daktari wa meno. Fundi anaanza na praima, kisha rangi ya kutu. Ikikauka analowesha sehemu chache na kunyunyiza chumvi ya jikoni, halafu anapuliza rangi ya chombo juu yake, tuseme nyeupe. Hiyo nayo ikikauka anaipangusa chumvi kwa brashi ngumu. Kila punje inatoka na rangi iliyoishika, na kutu ya chini inachungulia kama kwenye mlango wa daladala kuukuu. Baadaye anazimua rangi nyeusi na kahawia hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi, anaiachia itiririke kwenye maungio na mifereji, ikae humo kama taka za miaka. Mwisho ni brashi kavu: rangi ya mwanga inafutwa kwenye kitambaa mpaka karibu iishe, na kilichobaki kinapitishwa juu ya kingo tu. Mbinu hizi mbili za mwisho zilienezwa sana miaka ya 1980 na Mbelgiji François Verlinden, aliyezitumia kwa modeli za vifaru vya historia, na wapenzi wa anga wakazichukua. Ardhi ya sayari ya mbali ni plasta, mchanga uliochekechwa na machicha ya chai yaliyokaushwa.

Wengi wanaharibu kazi hapo hapo, kwa kuchafua kila mahali sawasawa. Kutu hukaa maji yanapotuama. Masizi hufuata mkondo wa moshi. Rangi hukwanguka pale buti la rubani linapokanyaga akipanda, na pale mkono wake unaposhika, na kwingine inabaki nzima. Anayetazama diorama nzuri hawezi kutaja sababu hizi, lakini zikikosekana anajua kuna uongo.

Visanamu vilikuja kwa njia ya duka la watoto. Mwaka 1964 Hasbro ilikuwa imetoa G.I. Joe, askari wa sentimita 30 mwenye viungo vinavyopinda. Kenner ya Cincinnati, iliyopata haki za Star Wars, ilichagua kimo cha sentimita 9.5, ili Falcon ya kuchezea iweze kuwabeba watu wake bila kuwa na ukubwa wa meza. Mafanikio ya filamu yalivikuta viwanda havijawa tayari, kwa hiyo Krismasi ya 1977 Kenner iliuza bahasha ya karatasi ngumu isiyo na kitu ndani ila cheti: visanamu 4 vitakuja kwa posta mwaka unaofuata. Wazazi walinunua ahadi, na ahadi ikatimizwa. Seti ya kwanza ya 1978 ilikuwa na visanamu 12.

Filamu ilikuwa na wahusika wengi mno, wengine wa kupita tu nyuma ya meza ya baa, na Kenner haikuwatengeneza wote. Mwaka 1985 ilisitisha mfululizo. Watoto wale, sasa wakiwa vijana, waliamua kuwatengeneza wenyewe waliokosekana. Kisanamu kikitumbukizwa kwenye maji ya moto, plastiki yake hulegea na kichwa kinang'oka bila kuvunjika. Kichwa cha huyu kinawekwa kwenye kiwiliwili cha yule, mkono unakatwa na kuunganishwa ukiwa umeinuliwa, na pengo linazibwa kwa puti ya epoksi, aina mbili zinazokandwa pamoja kama unga na kugeuka jiwe baada ya saa chache. Kabla haijawa jiwe inachongwa kwa sindano kuwa mikunjo ya nguo au manyoya. Rangi inapakwa tabaka nyembamba nyembamba, kwa maana tabaka moja zito linafukia pua. Macho huachwa hadi mwisho: mstari mweusi, juu yake mweupe ulio mwembamba zaidi, kisha nukta, na fundi anashusha pumzi kabla ya kila nukta. Majarida ya wakusanyaji ya miaka ya 1990 yalitenga kurasa kwa kazi kama hizo, na wengi waligundua kwamba jirani wa mtaa wa pili alikuwa akifanya kitu kile kile usiku kwenye meza ya jikoni.

Japani ilikwenda mbali kuliko wote. Mfululizo wa katuni wa Mobile Suit Gundam, wa mwongozaji Yoshiyuki Tomino, ulianza Aprili 1979 na ukakatizwa kwenye sehemu ya 43 kwa kukosa watazamaji. Julai 1980 Bandai ikatoa modeli ya roboti yake kwa skeli ya 1/144, bei yen 300. Marudio ya katuni na modeli zile viliwasha moto ambao haujazimika. Foleni zilikuwa ndefu. Januari 1982, kwenye duka moja mkoani Chiba, watoto walijeruhiwa walipoanguka kwenye ngazi ya umeme wakikimbilia modeli. Zile za mwanzo zilitoka kiwandani na rangi moja na zilihitaji gundi, jambo linaloonekana kama kasoro, lakini kasoro hiyo ililazimisha kizazi kizima cha watoto kujifunza kushika brashi. Jarida la Hobby Japan likawapa mwalimu: kundi la vijana walioitwa Streambase, waliochukua roboti za katuni na kuzishughulikia kama vifaru vya vita vya kweli, na mikwaruzo, namba za kikosi na tope miguuni.

Katika jarida hilo hilo, toleo la Mei 1982, alijitokeza Kow Yokoyama, mzaliwa wa Kitakyushu aliyesomea sanaa Musashino. Mfululizo wake uliitwa SF3D, na leo unajulikana kama Maschinen Krieger. Hadithi yake iko karne ya 29: dunia iliyoachwa ukiwa na vita vya nyuklia imeanza kukaliwa tena, na wanajeshi wanapigana ndani ya mavazi mazito yenye umbo la yai. Mwanzoni filamu haikuwapo, katuni haikuwapo. Kila mwezi Yokoyama alijenga chombo kipya kwa vipande vya modeli za kampuni mbalimbali, akakipaka rangi, akakipiga picha kwenye mandhari, na hadithi ikakua kutokana na picha. Wengine walipokimbilia mashine za kupulizia rangi, yeye alibaki na brashi ya mkono, akiweka rangi juu ya rangi hadi tabaka za chini zianze kupumua kupitia za juu. Chombo chake kinaonekana kimepakwa rangi na askari, kambini, kwa brashi iliyokuwapo. Kampuni ya Nitto ilitoa modeli hizo kwa skeli ya 1/20, mfululizo ukakoma katikati ya miaka ya 1980, ukaja kufufuka, na Hasegawa, kampuni ya mkoa wa Shizuoka, ikawa miongoni mwa waliouendeleza.

Osaka nayo ilizaa njia ya watu wasio na kiwanda. Mafundi wa duka la modeli la Kaiyodo, lililofunguliwa mwaka 1964 na Osamu Miyawaki, walikuwa miongoni mwa waliochonga visanamu vyao, wakavizungushia silikoni kupata kalibu, kisha wakamimina rezini na kutoa nakala chache chumbani. Soko kubwa la kazi kama hizo, Wonder Festival, lilianza miaka ya 1980 na linafanyika mara mbili kwa mwaka. Linadumu kwa sababu ya utaratibu wa busara kubwa: wenye haki za wahusika wanatoa idhini ya siku moja, ndani ya ukumbi ule tu. Asubuhi fundi wa sebuleni anauza halali kisanamu cha mhusika maarufu. Jioni idhini imekwisha.

Waingereza walilichukua jambo kwa upande wa michezo. Mchezo wa Warhammer 40,000 wa Rick Priestley ulitoka 1987, wakati kampuni iliyoutoa haikuwa na modeli za magari za kutosha za kuuza, na wachezaji walielekezwa kujenga kifaru kinachoelea kwa kutumia chupa ya kupaka kwapani. Mwaka huo huo yalianza mashindano ya uchoraji wa visanamu, Golden Demon, ambayo mshindi wake mkuu hupewa upanga.

Hapa inafaa kumtaja mtu ambaye hayumo kwenye vitabu vya wapenzi wa modeli, ingawa anastahili ukurasa wa mbele. Bodys Isek Kingelez alizaliwa 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, Kongo, akaenda Kinshasa mwaka 1970, akafundisha shule. Mwishoni mwa muongo huo alianza kujenga modeli za majengo kwa karatasi. Alipoipeleka moja kwenye makumbusho ya taifa, hawakuamini kuwa ni kazi ya mikono yake, akatakiwa atengeneze nyingine mbele yao. Akaitengeneza, na makumbusho yakamwajiri kukarabati vinyago. Kwa makasha, kadibodi, makopo ya soda na karatasi za rangi alijenga miji mizima: kijiji chake mwaka 1994 kikiwa jiji la maghorofa, Ville Fantôme ya 1996 yenye urefu wa karibu mita 6, na mwaka 2000, kwa ajili ya mji mmoja wa Ufaransa, Ville de Sète 3009. Alifariki 2015, na mwaka 2018 makumbusho ya MoMA ya New York yalimwandalia maonyesho makubwa.

Malighafi yake ni ile ile ya Van Nuys na Slough, vitu vilivyotengenezwa kwa kazi nyingine. Matokeo ni kinyume. Katika miji ya Kingelez hakuna doa, hakuna kutu, hakuna ukuta uliochubuka. Mwana wa California, aliyekulia penye magari mapya na barabara laini, aliota kesho iliyochakaa. Mtu wa Kinshasa, aliyeona mji wake ukichakaa mbele ya macho yake, alitumia mkasi na wembe kuujengea kesho inayometa. Wote wawili wanaaminika.

Kompyuta ilipoanza kuchora vyombo vya angani, karakana zilififia. Mwaka 2006 ILM iliuza ya kwake. Modeli zilizobaki zikawa mali: ndege ndogo ya X-wing ya filamu ya 1977, iliyokutwa ndani ya boksi kwenye gereji ya Greg Jein baada ya kifo chake, ilinadiwa Dallas Oktoba 2023 kwa zaidi ya dola milioni 3. Ila ufundi haukukatika. Mwaka 2019, kwa ajili ya kipindi cha The Mandalorian, ILM ilimpa fundi wake wa siku nyingi, John Goodson, kazi ya kujenga modeli halisi ya chombo Razor Crest, baadhi ya sehemu zikichapwa kwa printa ya 3D na zote zikipita chini ya brashi.

Wakati huo wapenzi wa Falcon walikuwa na shughuli yao. Kwa miaka mingi wamekuwa wakichunguza picha za modeli ya 1976 kwa lensi, wakinunua maboksi ya zamani, wakilinganisha kipande kwa kipande: huu ni mfuniko wa kifaru fulani, hiki ni kibomba cha gari fulani la mashindano. Vipande vingi sasa vina jina la boksi vilikotoka. Mwaka 2017 Bandai, ambayo kiwanda chake cha modeli kiko Shizuoka, ilitoa Falcon ya skeli ya 1/72 iliyofuata modeli ya filamu kwa uaminifu mkubwa. Spea za vifaru zilizoondoka mkoa ule miaka ya 1970, zikabandikwa California kwa kubahatisha, zimerudi zikiwa zimechongwa upya kwenye fremu za plastiki. Karatasi ya maelekezo imo ndani ya boksi, na kila kipande kina namba yake.